Namba za Alhamisi

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Daftari hili nimepewa na Sista wa zahanati. Mbele ni mahali pa kuandika presha za wazee. Nikiligeuza, huku nyuma ni kwangu. Kurasa ni nyingi na wazee ni tisa tu, sioni dhambi. Shule niliishia darasa la saba, lakini mwandiko wangu unasomeka, na jambo nikiliandika linanipungua kifuani.

Leo tumeanza. Tumepewa ukumbi ulio nyuma ya zahanati, bati zake zimeoza pembeni. Kazi yangu ni kufagia, kuchemsha chai isiyo na sukari na kuwapima wazee presha wanapoingia. Sista alinifundisha mashine kwa siku mbili. Aliniambia, "Mama, mzee mwenye presha akishinda ndani anatazama ukuta, dawa zangu zinafanya kazi nusu. Watafutie cha kufanya." Basi kuna mbao mbili za drafti, na kina bibi wana sindano na nyuzi zao.

Nimemleta baba mkwe. Hapa mtaani wanamwita Fundi Saa. Tangu mama mkwe afariki miaka miwili iliyopita, hukaa kwenye kiti kimoja karibu na dirisha, saa za watu zimemlalia mezani, hazitengenezi wala hazirudishi. Mume wangu yuko mbali kikazi, huyu mzee ni wangu mimi.

Leo kakutana na mzee mmoja aliyeendesha malori maisha yake yote. Wakapanga vizibo vya soda: vya Fundi vimelala chali, vya Dereva kifudifudi.

"Fundi, cheza! Au saa yako imesimama?"

"Wewe endesha polepole, mbele kuna kona."

Baba mkwe akamla kete tatu kwa mpigo. Baba akacheka. Nilikuwa naosha vikombe, nikaacha maji yakimwagika. Miaka miwili sijausikia mcheko ule.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Mvua za kwanza. Baba kaniuliza mara tatu leo ni siku gani.

Alhamisi, tarehe 14 Machi

Dereva leo kapima 190. Nikamwambia, mzee wangu, pumzika leo. Akasema, "Mwanangu, lori likiwa na moto ndiyo linapanda mlima." Akacheza. Wakagombana na baba juu ya kete moja, kama iliguswa au haikuguswa, na Dereva akasimama akapiga meza. Damu ikamtoka puani. Ilidondoka juu ya ubao, kwenye vile vyumba vyeupe.

Sista alikuja mbio, na damu ikakata. Walipoondoka wote nilibaki peke yangu nikifuta damu ubaoni. Mzee wa watu angeweza kufa mbele yangu, na kikombe cha chai yangu mkononi.

Nikamfuata Sista nikamwambia tuweke sheria. Anayezidi 160 asicheze. Akae kwenye benchi la mlangoni, anywe chai, aende nyumbani. Sista akasema ni wazo zuri sana. Nimeliandika kwa chaki ukutani, herufi kubwa.

Wazo ni langu. Naliandika hapa nisije siku moja nikasema lilikuwa la mtu mwingine.

Alhamisi, tarehe 21 Machi

Nimewatoa wanne. Dereva mmojawapo. Baba mkwe mwingine, 172.

"Unanitoa mimi?" kaniuliza mbele ya watu.

"Ni kwa ajili ya afya yako, baba."

Wale wanne wakakaa kwenye benchi wamepangana kama watoto waliochelewa shule. Dereva akasema kwa sauti, "Fundi, mkweo ni trafiki. Trafiki mwanamke ndiye mbaya zaidi, hanunuliki." Watu wakacheka. Baba hakucheka. Nyumbani hakula. Kanirudishia sahani imefunikwa vilevile nilivyoifunika.

Nimesali nikamwomba Mungu amlainishe moyo. Sikumwomba anionyeshe kama nimekosea. Haikunijia.

Jumamosi, tarehe 23 Machi

Dereva alikuja kumtembelea baba. Walikaa dirishani wakinong'ona. Nilipopeleka chai wakanyamaza.

Alhamisi, tarehe 28 Machi

Wote wamepita! Dereva 138. Baba 142. Bibi Uzi, yule anayefuma kofia za wajukuu bila kutazama sindano, 130. Hata mmoja sikumtoa. Alhamdulillahi. Nimezisoma namba mara mbili kwa sauti na wazee wakapiga makofi.

Alhamisi, tarehe 4 Aprili

Wamepita tena, na zimeshuka zaidi. Dereva 121, baba 126. Sista kaja na daktari wa wilaya, kamwonyesha daftari upande wa mbele. Daktari kaniuliza nawafanyia nini. Nikasema ni drafti tu na uangalizi wa Mungu. Nilijisikia mrefu, Mungu anisamehe.

Dereva akakonyeza. "Siri ni kutembea asubuhi, daktari."

Ila baba aliponyanyuka mezani alishika ukingo akasimama hivyo muda mrefu, macho kayafumba. "Miguu imekufa ganzi," kaniambia. Na Bibi Uzi leo alisinzia. Mpira wa uzi ulimtoka mapajani ukazunguka ukumbi mzima, wala hakujua.

Jumapili, tarehe 7 Aprili

Mvua usiku na mchana. Baba anaumwa kichwa.

Jumanne, tarehe 9 Aprili

Kichwa tena. Anasema anasikia mapigo masikioni, kama saa ya ukutani. Nimemuuliza kama amekunywa dawa. "Nimekunywa, mama, nimekunywa." Nikadhani ni hali ya hewa.

Alhamisi, tarehe 11 Aprili

Leo mvua haikupumua. Saba tu wamekuja. Baba alipanga kete pande zote mbili, chali na kifudifudi, akakaa akimsubiri Dereva. Nikamwambia acheze na mwingine. "Anakuja. Hajawahi kukosa safari."

Saa tisa akaingia binti wa Dereva, kalowa mpaka kichwani, viatu kavishika mkononi. Alisimama mlangoni. Nilijua kabla hajafungua kinywa.

Walimkuta chini ya ngazi za nyuma ya nyumba asubuhi. Alikuwa ameshavaa shati lake la kuja huku, kofia imeangukia kwenye matope. Kichwa kilipiga jiwe.

"Utelezi," watu wakasema. "Mvua hizi. Ngazi zile."

Baba akaanza kukusanya kete. Alizitia mfukoni moja moja, za Dereva kwanza. Mikono yake ilikuwa ya baridi kama ya mtu aliyetoka mtoni. Leo alikuwa kapima 118.

Ijumaa, tarehe 12 Aprili

Tumemzika. Binti yake hanyamazi: "Nilimwambia nitatia mchanga pale ngazini. Nilimwambia kesho, kesho." Wanawake wamemshika, na kila mmoja anamwambia ni kazi ya Mungu, lakini hasikii.

Jambo moja limenikaa. Wakati watu wanatawanyika nilimsikia baba akimuuliza Bibi Uzi kwa sauti ya chini, "Unadhani siku hiyo alichukua ngapi?" Bibi Uzi akamfinya mkono, akanitazama mimi. Nikadhani wanasema habari za kete.

Alhamisi, tarehe 18 Aprili

Baba 112. Bibi Uzi 109. Nimeandika, lakini safari hii sikusoma kwa sauti.

Namba ni nzuri na nyuso ni mbaya. Midomo ya baba ni ya kijivu. Kashika kete akasahau aipeleke wapi. Mvua inapiga bati, na ndani wazee wanane wameinama juu ya mbao zao kimya kabisa, hakuna anayetania, hakuna anayegombana. Zamani nilikuwa nawaomba wapunguze kelele. Leo nilitamani mtu apige meza.

Jumatano, tarehe 24 Aprili

Nimetulia, niandike yote.

Wiki nzima limenisumbua jambo moja: kwa nini Alhamisi ni mzima na Jumanne anashika kichwa? Leo nikaazima mashine kwa Sista, nikamwambia nataka kuifuta vumbi. Ni uongo wa kwanza. Baada ya swala ya alasiri nilimkuta baba kasinzia kwenye kiti, nikamfunga mkanda taratibu.

196.

Nikapima tena. 198.

Wiki iliyopita, mtu huyuhuyu, 112. Nilisimama pale na mashine inalia, naye kafumbua macho ananitazama.

"Kesho ndiyo Alhamisi, mama," kasema. "Leo unapima ya nini?"

Nilikwenda mezani kwake. Ana vikopo vidogo kumi na viwili vya skrubu na vyuma vya saa, na kwa miaka kumi na minane ya ndoa yangu sijawahi kuvigusa. Nilivifungua kimoja kimoja. Cha saba kilikuwa na vidonge vyeupe. Sita.

"Baba, hizi ni nini?"

"Skrubu."

"Skrubu nyeupe?"

"Si ina mstari katikati, kama ya saa?" Kasema hivyo na kajaribu kucheka, kisha uso ukamwanguka.

Nikavuta kigoda nikakaa miguuni kwake. Nilimwambia, baba, mimi si trafiki, mimi ni mwanao. Mvua ikapungua. Ndipo akasema.

Mwalimu wao ni Dereva. Jumamosi ile waliponong'ona hapa dirishani, alimwambia hivi: dawa ya presha ni kama mafuta ya gari. Mafuta unatia siku ya safari. Gari lililoegeshwa uwanjani, unalitilia mafuta ya nini? Safari yao ni Alhamisi. Basi siku nyingine waache, wakusanye, na Alhamisi alfajiri wanywe zote kwa mkupuo, wafike ukumbini wamepoa, na mkwe wa Fundi hatakuwa na la kusema.

"Nani wanafanya hivi?"

"Wote wenye presha."

"Wote?"

"Hakuna anayetaka kukaa kwenye benchi lako, mama."

Nikauliza nililokuwa naogopa. "Na siku ile Dereva alikuwa amekunywa ngapi?"

"Mwezi wa pili alikuwa na homa, wiki nzima hakugusa dawa, akazitunza. Kwa hiyo zilikuwa nyingi. Aliniambia, Fundi, Alhamisi hii nitakuwa baridi kama jokofu."

Nilishika mdomo. Nikaona zile ngazi, na shati lile safi.

"Nakwenda kwa Sista," nikasema.

Akanishika mkono. Huyu mzee hajanishika mkono tangu siku ya harusi yangu. "Ukimwambia, atafunga ukumbi. Nami nitarudi kwenye kiti hiki. Umeniona nilivyokuwa hapa. Safari hii sitainuka. Mama, nakuomba kwa haki ya mama mkweo aliyetangulia: nitakunywa kila siku mbele yako, kimoja kimoja. Usimwambie."

Nikamwambia sawa.

Nimeandika neno hilo na nimekaa nikalitazama. Sawa.

Alhamisi, tarehe 25 Aprili

Asubuhi nilimpa baba kidonge kimoja, nikavichukua vile sita. Ukumbini kapima 174. Kwa sheria yangu mwenyewe ni benchi. Kanitazama. Nikaandika 154. Kwa kalamu ileile na mwandiko uleule.

Kisha wakaja wengine. 110. 106. 114. Leo nilikuwa najua, na kila mkono nilioufunga mkanda ulikuwa wa baridi. Wananitabasamia, nami nawatabasamia. Nikawa najiambia nitawafuata kesho, nyumba kwa nyumba, nitawaeleza kimyakimya. Kesho, kesho. Na nilimhurumia binti wa Dereva kwa neno hilohilo!

Bibi Uzi kanifuata kuniomba chai. Hakufika. Alikunja magoti kama mtu anayetaka kuketi, ila kiti hakikuwepo. Sindano zikalia sakafuni.

Baba akapaza sauti, "Mshikeni kichwa! Kichwa!"

Mashine ikasoma 82. Sista akaingia, akapiga magoti kwenye maji yaliyovuja kutoka kwenye bati, akamwinua Bibi miguu. "Amekunywa nini leo?"

Wazee saba, mvua, na yule mama wa watu macho yamegeuka juu.

"Nauliza amekunywa nini!"

Kila mtu alimtazama baba, na baba alinitazama mimi. Hakuniomba tena. Alikuwa ananitazama tu, kama mtu anayesikiliza saa ajue kama inakwenda.

Nikasema. Nimesema yote, vidonge vya wiki, mafuta ya gari, Dereva, na 154 yangu. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine. Sista hakuinua kichwa. Aliuliza jambo moja tu: "Tangu lini unajua?"

"Tangu jana alasiri."

"Jana," akasema.

Wamempeleka Bibi Uzi hospitali kubwa. Sista kafunga mlango, kachukua ufunguo.

Ijumaa, tarehe 26 Aprili

Bibi Uzi yuko hai. Mkono wa kushoto hauna nguvu.

Jumatatu, tarehe 29 Aprili

Nilikwenda kwa binti wa Dereva. Nilidhani nitashindwa njiani. Ngazi za nyuma zimekwisha tiwa saruji, mpya, na pembeni kumewekwa chuma cha kushikia. Kamaliza nguvu zake zote pale.

Nilimweleza. Kanisikiliza kaegemea kile chuma.

"Kwa hiyo hakuteleza?"

"Sijui, mwanangu. Mungu ndiye anayejua. Ila sheria ile ya ukutani niliiandika mimi."

"Asubuhi ile alikuwa anaimba," akasema. "Nikamwambia baba, kaa unywe uji. Akasema hataki kuchelewa." Kisha akaingia ndani, na sikusikia mlango ukifungwa, uliachwa wazi vilevile, nami sikujua kama ni wa kuniita au kunifukuza. Nikaondoka.

Alhamisi, tarehe 2 Mei

Hakuna ukumbi. Baba yuko kwenye kiti.

Jumapili, tarehe 5 Mei

Kidonge kimoja kila asubuhi, mbele yangu. 170.

Alhamisi, tarehe 9 Mei

164. Kaamka, kavaa shati, kakaa tena.

Jumatatu, tarehe 13 Mei

158. Kama ukumbi ungekuwepo, kwa sheria yangu angecheza. Lakini hali chakula. Haogi mpaka nimwombe. Jana nilimwekea ubao wa drafti mezani, nikakaa upande wa pili, mimi nisiyejua hata kete inakwenda wapi. Akasogeza moja kunifurahisha. Kisha akasema, "Basi, mama. Kapike." Namba inashuka na yeye anashuka nayo, na safari hii hakuna kikopo cha kufungua.

Jumanne, tarehe 14 Mei

Nimekwenda kwa Sista. Sikukaa hata aliponikaribisha.

"Wafungulie," nikasema.

"Mama, nikiwafungulia akafa mtu juu ya ubao, nitasema nini?"

"Na wanaokufa kwenye viti, hao unasema nini?"

Kanikazia macho. Ni mdogo kwangu kwa miaka ishirini na amechoka. Akasema sheria ile alipaswa kuikataa yeye, maana ndiye aliyesoma. Nikamwambia tugawane basi. Tukazungumza mpaka adhana. Dawa kila siku, kila mzee na mtu wa kumwona akimeza. Kupima tutapima, na presha ikizidi sana yeye ataitwa, dawa itaangaliwa upya, na mzee atakaa na wenzake. Hafukuzwi mtu kwa sababu ya namba. Asidanganye mtu, kuanzia mimi.

"Na ikitokea?" akauliza.

"Itatokea mbele yetu," nikasema.

Alhamisi, tarehe 23 Mei

Tumefungua. Nimefuta ukuta kwa kitambaa chenye maji, herufi zimeondoka ila kivuli chake kimebaki.

Wamekuja sita. Bibi Uzi kaletwa na mjukuu, mkono wa kushoto kaulaza mapajani. Hawezi kufuma. Kasema, "Nifundisheni hiyo michezo yenu ya kihuni." Baba akamkalisha pale alipokuwa anakaa Dereva.

Namba za leo ni mbaya. 166, 171, 180, 159. Sista alikuja kwa yule wa 180, kazungumza naye, kambadilishia dawa, kamwacha akae na wenzake. Nimeandika zote zilivyo. Upande wa mbele wa daftari umekuwa kama wa hospitali ya vita.

Baba 168, bado na mkanda mkononi.

"Unanitoa?"

"Nenda kacheze, baba."

Nikasimama nyuma yake na birika. Wakaanza. Bibi Uzi anauliza kila hatua, naye anamjibu kwa adabu, kisha kwa hasira kidogo, kisha kwa hasira sana. "Umeigusa! Ukiigusa unaipeleka!" Shingo imemvimba mshipa. Sista yuko zahanati, hatua arobaini, nimezipima. Bibi naye hakubali, "Sikuigusa, macho yako hayo ya saa ndogo yamekwisha."

Halafu baba akanyanyua kete na mkono ukabaki hewani.

Hakushusha. Hakusema. Kidole hakikutikisika. Bibi Uzi akaacha kucheka. Nikahesabu mpaka kumi, nikahesabu tena, birika linaniunguza mkono na siwezi kuliweka chini, macho yangu kwenye mdomo wake, kama umepinda au haujapinda.

"Baba," nikasema. "Baba?"

"Nyamaza, mama," akasema. "Nafikiri."